Serikali ya Shuka la Buluu

Jumatatu, 6 Oktoba

Dada Twaiba, shikamoo. Assalamu alaykum warahmatullah. Hujambo wewe? Hawajambo wote hapo Tanga? Na shemeji, kile kifua chake kimetulia? Sisi huku Kinondo tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa mbuzi mmoja.

Naandika kwenye daftari ulilonipa siku ile unaondoka. Ulisema simu ya kuvuka mpaka hukatika kila ninapofika penye utamu, basi niandike kila siku, kisha nimpe dereva wa basi akuletee. Haya. Ni mambo ya siri. Shemeji msomee pale tu panaponisifu.

Habari kubwa: nimerudi shule! Ndiyo. Mimi Alfani, miaka hamsini na miwili, fundi wa kuezeka makuti. Hoteli sasa zinaezeka makuti ya plastiki. Plastiki, dada! Mtu anatoka Ulaya kuja kulala chini ya plastiki. Nikaona nijifunze kazi nyingine. Darasa la kupiga picha kwa simu, chumba cha juu nyuma ya soko la Ukunda, wiki kumi. Tuko kumi na mmoja. Tisa ni vijana, wazee ni mimi na Japheth.

Japheth unamkumbuka. Yule wa kutoka Kinango, aliyekuwa akilinda lango la hoteli, ukoo wake na wetu ni watani. Ana simu mpya yenye macho matatu nyuma. Yangu ina jicho moja, nalo lina ufa. Naye ni mtani, hata kumkasirikia siruhusiwi.

Mwalimu wetu Cynthia ni msichana wa bara, hodari, anachanganya maneno lakini ana heshima. Leo ametoa kazi ya mwisho. Picha saba. Kichwa chake: Sura ya Taifa. Tuonyeshe Mkenya ni nani. Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa ya tarehe kumi na saba. Zitatundikwa ukumbini siku ya Mashujaa. Asiyepeleka hapati cheti.

Cheti, dada. Wewe ndiwe uliyenifulia shati siku ya mtihani wa darasa la nane, na baba akaja akanichukua na shati langu lile lile jeupe kwenda kukata miwa Ramisi. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Miwa ikaisha, shule ikaisha, shati likaisha. Sijawahi kupewa karatasi na mwalimu yeyote yenye jina langu. Hii nitaipata, inshallah. Msikitini nimeshawaambia.

Nilinyoosha mkono wa kwanza. Nikasema bendera. Cynthia akasema hapana bendera. Nikasema twiga. Hapana twiga. Nikasema Mmasai amesimama kwa mguu mmoja pwani jua linazama. Akafumba macho kidogo. Japheth akacheka mpaka akakohoa.

Nilifikiri nikupige picha wewe, maana sura yako na yangu ni moja. Lakini wewe sasa ni wa taifa la pili. Ajabu, sivyo? Mama mmoja, mataifa mawili.

Jumanne, 7 Oktoba

Wazo limekuja baada ya alfajiri, nikiwa bado juu ya mswala. Chakula! Taifa ni kile linachokula.

Nilimwomba mke wangu Mwanasha apike wali wa nazi, pojo, na samaki changu wa kukaanga. Kisha nikafikiri: mwalimu ni wa bara, ataona tumewasahau. Nikamwomba apike na sima na sukuma. Mwanasha akauliza hao watu wa bara wanakuja wangapi. Nikamwambia hawaji, ni wa kupigwa picha tu. Akaniangalia kwa muda. Lakini alipika. Mke mwema.

Niliweka sinia juu ya paa la banda la mbuzi, kwa ajili ya mwanga. Nikarudi nyuma hatua tano, kama tulivyofundishwa. Mwalimu hakufundisha habari ya kima.

Walikuwa wanne. Mkubwa alichukua changu. Wawili walichukua sima, wakagawana vizuri kabisa, kuliko watu. Mdogo alikaa ndani ya wali.

Picha moja imetoka. Ina mkia. Mwanasha amesema hiyo ndiyo sura ya taifa, niipeleke.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwalimu alikataa Mmasai anayesimama. Hakukataa Mmasai anayefanya jambo jingine. Hapo ndipo penye akili.

Nilishuka pwani Diani nikamwona mmoja, mrefu, shuka nyekundu, shanga mpaka kifuani, amekaa kwenye kivuli anakula kachiri za muhogo. Safi! Nikamsogelea polepole, nikamwamkia kwa Kiingereza. Akaruka akasimama, akaficha kachiri nyuma, akasema shikamoo bwana Alfani.

Dzombo! Mtoto wa jirani yangu hapa hapa Kinondo, Mdigo baba na mama! Ana miaka ishirini na minane na hajawahi kumwona ng'ombe ila buchani. Akaniomba kwa jina la Mtume nisimwambie mamake, maana mamake anajua anafua mashuka hotelini. Akasema wageni hawamtaki Mdigo, hawajui Mdigo ni kitu gani, akivaa kanzu wanampita. Nikamwuliza kwani Wamasai wenyewe wanasemaje. Akasema ndio waliomfundisha kuruka, na wanasema anaruka vibaya.

Nikamsifu kwa adabu yake ya kuamkia wakubwa. Picha alikataa.

Narudi, nani nimwone amelala kifudifudi mchangani? Japheth. Anapiga picha nyayo za watu. Eti nyayo za wananchi. Nikamwambia bahari itazifuta. Akasema hilo ndilo lenyewe, Alfani, kaa ufikiri. Nimekaa, nimefikiri, sijaona kitu. Lakini imeniuma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Dada, nimepata! Nimepata! Hata jana sikuandika kwa sababu ya kufikiri.

Mwalimu alituambia: wazee wangu, picha ni sura, nataka sura za watu. Basi kwa nini mimi niwatafute watu kwenye jua? Watu waje kwangu!

Baada ya sala ya Ijumaa nilisimama mlangoni msikitini nikatangaza. Kila anayejijua ni Mkenya afike kwangu kesho saa mbili asubuhi. Avae vizuri. Atapigwa picha, bure. Wasio Waislamu pia wanakaribishwa, majirani wawafikishie habari. Sauti ilitoka vizuri sana. Hata imamu aligeuka.

Jioni nimepanga kila kitu. Meza uani. Kiti kimoja. Daftari la pili la kuandika majina, nisisahau nani ni nani. Ukutani nimetundika lile shuka la buluu la Mwanasha, alilopewa na wifi yake siku ya arusi, kwa vibanio sita vya nguo. Yeye alikuwa kwa mamake. Na ili watu wasisukumane nimevaa kile kizibao cha kung'aa nilichopewa tulipokuwa tukitengeneza barabara. Nikajitazama kwenye dirisha. Mashallah. Mtu wa mpangilio.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niliporudi kutoka alfajiri msitari ulikuwa umefika dukani! Wengine walikuja na vigoda vyao. Machozi yalinilengalenga. Nilisema moyoni: hawa ndio watu wangu, wameitwa kwa ajili ya nchi, wamekuja.

Jambo moja tu lilinishangaza. Kila mtu ana bahasha.

Wa kwanza alikuwa Kitsao, fundi wa baiskeli. Alikaa kitini, akafunga kifungo cha shingo, akavua kofia bila kuambiwa, akanyooka kama msumari. Kifuani ameshika cheti cha ubatizo cha nyanya yake kwenye mfuko wa plastiki. Nikamwambia acheke kidogo. Akasema hataki mchezo, mara ya mwisho alipocheka mbele ya kamera alirudishwa nyumbani akatafute uso wake.

Wa pili alileta kipande cha babu yake, kile kitambulisho cha wakati wa mkoloni. Wa tatu, kadi ya kliniki. Wa nne, kibali cha kumzikia babake. Mmoja alileta kigoda, akakipindua nione jina la babu limechongwa chini. Wanawake waliniuliza waonyeshe masikio au wasionyeshe. Nikajibu kama wanavyopenda. Wakanong'ona: huyu ni mpole.

Nilidhani ni heshima tu. Watu wa hapa wana heshima.

Kisha akaja Bi Mbodze. Humjui, dada, alihamia Galu baada ya wewe kuolewa. Ana miaka kama sabini, mshona makuti, yangu mengi aliyashona yeye. Wazazi wake walitoka Pemba, wakamzaa hapa, na jina alipewa na mkunga wa Kidigo. Mwaka ule Wapemba wenzake walipoandikishwa kuwa raia, yeye alikuwa hospitali, amelazwa. Alikuja kwa miguu na fimbo. Akakaa. Sikumwuliza kitu. Akaanza kujibu mwenyewe.

Jina la mama. Jina la babake mama. Mzee wa mtaa alikuwa nani mwaka wa uhuru. Kisima cha Galu kilichimbwa na nani, na nani alitumbukia. Kisha akasimama, akashika fimbo kando ya mguu, akaimba wimbo wa taifa wote, beti zote tatu. Dada, mimi najua moja. Msitari mzima ukasimama. Alipokaa akaniambia kwa sauti ndogo: mwanangu, hii ni meza ya tatu maishani mwangu, tafadhali usiniambie nirudi kesho.

Hapo ndipo nilipotazama uani kwangu. Meza. Kiti. Daftari. Kizibao. Ukuta wa buluu. Watu hawa hawakuja kupigwa picha ya mwanafunzi. Walidhani mimi ni serikali!

Nilitakiwa kusema pale pale. Najua. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilifikiria cheti, nikafikiria msitari, nikafikiria Ijumaa ya tarehe kumi na saba. Na kusema kweli hakuna aliyeniuliza kama mimi ni serikali. Sikuulizwa, sikujibu. Nikabonyeza.

Nimepiga watu arobaini na watatu. Wote wamenishika mkono. Astaghfirullah.

Jumapili, 12 Oktoba

Sala hazikai. Nikisujudu naiona ile fimbo.

Asubuhi Bi Mbodze ameleta kuku kwa mkono wake. Mtetea, tena anataga. Nilikuwa nimejificha chooni. Alimwambia Mwanasha ni wa afisa, kwa kutomrudisha. Mwanasha akaja akasimama nje ya mlango wa choo, akauliza kwa adabu kubwa: bwana afisa, utamchinja mwenyewe au niite askari? Na shuka langu la arusi litarudi lini kutoka serikalini?

Nimekaa nimefikiri njia. Kusema kweli kwa watu arobaini na watatu ni aibu kubwa. Lakini je, daftari la majina likifika kwa chifu? Chifu ni serikali. Nikimpa majina, basi majina yatakuwa yamefika serikalini, na watu watakuwa hawakudanganywa! Wazo hili nimeligeuza mara mbili, halina tundu. Namshukuru Mungu kwa kunipa kichwa hiki.

Jumatatu, 13 Oktoba

Lina tundu.

Chifu hakuwepo. Alikuwepo naibu wake, bwana Harrison. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, nikiwa nimevaa kizibao. Hilo la kizibao lilikuwa kosa. Aliuliza nilipewa na nani. Aliuliza kama ninajua mtu anayejifanya afisa hupelekwa wapi. Nikasema sikujifanya, nilikaa tu. Akasema nivue. Nikavua. Kizibao kimebaki kwake.

Kisha amri: kwa miguu yangu, nyumba kwa nyumba, niwaambie wote arobaini na watatu kwamba mimi si serikali. Na picha nisimwonyeshe mtu mpaka mwenyewe aniruhusu. Akikataa, niifute mbele yake.

Cheti, dada! Wakikataa wote sina hata picha saba. Nina mkia wa kima.

Nilipokuwa nikiinuka alikuwa bado anafunua daftari. Hakunitazama. Akauliza kama hati hii ya mkono ni yangu. Nikasema ndiyo, hati nzuri nimeiacha kule Ramisi na baba lakini hii ndiyo iliyobaki. Akaweka kidole kwenye majina sita, moja baada ya jingine, la Bi Mbodze likiwemo. Akasema hawa hawajawahi kufika kwake. Alhamisi wanakuja watu wa usajili, wale wa kweli. Niwaambie hao sita waje na bahasha zao. Wasimtafute mtu wa kizibao.

Jumatano, 15 Oktoba

Siku mbili za kutembea. Miguu imevimba. Acha nikueleze, kisha unihurumie.

Jana nilitoka peke yangu na kanzu safi, nikiwa nimetunga maneno ya kuanzia. Kwenye kona nikamkuta Japheth amekaa kwenye jiwe. Habari zimemfikia. Akasema hawezi kuikosa. Akasema aibu ya mtani wake ni haki yake, kama mtu na urithi wa babake, na mimi sina la kumzuia. Kweli sina. Utani ni utani.

Basi yeye mbele, mimi nyuma. Kila uani anapiga hodi kabla yangu, anapaza sauti: Jamani tandikeni mkeka! Serikali imekuja! Leo gari limeharibika, imekuja kwa miguu! Watoto wakakimbia mbele kutangaza. Mimi nafika na maneno yangu niliyoyatunga, watu wameshika mbavu. Kitsao alikuwa ameokota spana. Alitaka kujua mimi namwona yeye mjinga au vipi. Japheth akamwuliza, hivi Kitsao, serikali gani ungeiamini wewe yenye vibanio vya nguo? Spana ikashuka. Kitsao akacheka mpaka akakaa chini. Ndiyo mara ya kwanza kumwona meno. Ningekuwa na akili ningepiga picha.

Hivyo hivyo nyumba zote. Mmoja alinimwagia maji ya vyombo. Japheth akamwambia aongeze, afisa hajaoga. Nako wakacheka. Arobaini na wawili wameniruhusu, dada, wengine wakifuta machozi. Bila huyu mtu kuniharibia wangeruhusu upesi zaidi. Lakini nimemsamehe, sina njia nyingine.

Wa mwisho leo alikuwa Bi Mbodze. Pale Japheth hakupiga hodi. Alibaki njiani, akavua kofia.

Nilimkuta anashona makuti. Nikaamkia, nikakaa chini, nikasema. Nilisema yote, mpaka lile la kuogopa kukosa cheti. Nikamrudishia kuku. Hakuacha kushona. Alimaliza kuti lile, akaanza la pili, akafika katikati. Kisha akauliza: na picha yenyewe iko wapi?

Nikamwonyesha. Aliishika simu kwa mikono miwili, mbali kidogo. Nyuma buluu, yeye amekaa wima, kifuani ameshika karatasi ya zamani ya mamake, imekunjwa mara nane mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Akaitazama sana. Akasema, huyu ni mama. Nikasema hapana, ni wewe. Akasema najua ni mimi, mwanangu, lakini ni mama.

Hajawahi kujiona kwenye picha. Miaka sabini.

Nikamwambia akitaka naifuta. Akaikumbatia simu kifuani. Akasema, ulisema zitatundikwa ukumbini? Tundika. Tena tundika pale watu wanapoingia. Meza tatu zimenitazama, hakuna iliyoniona.

Kuku amemkataa. Amesema sasa ni wa mpiga picha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimewapeleka wote sita. Nilibeba kigoda cha Bi Mbodze, fimbo yake alipokuwa amekaa, na bahasha za wenzake wawili. Japheth amekuja bila kualikwa, akabeba maji.

Msitari mrefu. Jua kali. Meza, kiti, na nyuma ya kiti kitambaa cheupe. Sitaki kujisifu, lakini langu lilikuwa limenyooka zaidi.

Zamu ya Bi Mbodze ikafika. Akataja majina yake yote kama pale kwangu. Bwana wa usajili, kijana, akamwita nyanya na kumwambia wimbo si lazima. Akauimba hata hivyo. Kisha vidole. Mashine inakataa! Miaka hamsini ya kushona makuti, dada, vidole vimelainika, havina msitari hata mmoja. Mkono wa kulia, hakuna. Mara nane, hakuna. Kijana akafuta kioo, akampangusa vidole kwa kitambaa chenye maji. Hakuna. Nikasoma Ayatul Kursiyyu yote. Japheth upande wa pili nikamsikia anasali kwa njia yake, midomo inakwenda. Bi Mbodze akasema polepole, si kwa yeyote: usiniambie nirudi kesho.

Mkono wa kushoto. Gumba. Mashine ikalia!

Msitari mzima ulipiga makofi. Akapewa karatasi yake ya kusubiria kitambulisho, ina picha yake na jina lake. Aliishika, dada, kama mtu aliyeshika yai. Akageuka akatutazama, akacheka. Meno manne, na mwanga wote wa mchana usoni. Sijapata kuona sura kama ile. Nchi nzima ilikuwa pale.

Sikupiga picha. Nilikuwa nimeshika kigoda, fimbo na bahasha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku ya kupeleka kazi. Nilichagua saba, Bi Mbodze na Kitsao wakiwemo. Mkia wa kima niliuacha, ingawa Mwanasha alisisitiza.

Nikamwomba mwalimu radhi mapema. Nikamweleza kwamba nilitaka watu wacheke, hawakucheka. Nilitaka washike mikono vizuri, wakashika makaratasi. Walidhani wanaulizwa kama wao ni Wakenya, kwa hiyo walikuja na ushahidi. Na vibanio vinaonekana. Ni makosa ya mwanzo.

Cynthia alizitazama moja moja. Alipofika kwa Bi Mbodze aliondoka akaenda dirishani. Nilidhani nimefeli. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akasema babake mwenyewe ana bahasha ya makaratasi kama hayo, chini ya godoro, hata sasa. Akasema mzee Alfani, umefaulu, na zako ndizo zitakazokuwa mlangoni.

Nimefikiri njia nzima nimegundua siri. Ni shuka! Alisema mwenyewe kwamba ile buluu nyuma inazibeba picha. Ningelipiga pasi lingemliza zaidi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Dada, leo ni leo. Mashujaa.

Ukumbi ulijaa mpaka nje. Wote arobaini na watatu walikuja, wamevaa vizuri, na wale saba kila mmoja akasimama kando ya picha yake tangu asubuhi, akiwaeleza wageni. Kitsao alieleza habari za nyanya yake kwa watu wengi hata sauti ikakauka. Dzombo alikuja na kanzu, akasimama na mamake, akatazama picha za bahasha kwa muda mrefu, akaniuliza kwa siri kama bado nahitaji sura ya Mdigo. Nyayo za Japheth zilitundikwa kando ya mlango wa choo. Nilimwambia hapo zitaonwa na wananchi wote. Nimesubiri wiki mbili kusema hivyo! Alinikumbatia, mshenzi huyu, akalia begani kwangu.

Bi Mbodze alikaa mlangoni kwenye kigoda chake chini ya picha. Kila aliyeingia alimwamkia. Watu mia na zaidi walimpa shikamoo, naye akajibu marahaba kila mmoja, hakuchoka. Naibu Harrison alifika, akasimama mbele yake, akavua kofia. Kizibao changu hakurudisha.

Kisha nikaitwa. Alfani Rai. Nilitembea kutoka kiti cha nyuma mpaka mbele na nilikuwa nimevaa shati jeupe, dada. Si lile. Lakini jeupe. Mwanasha ndiye aliyelifua. Karatasi ina jina langu, ina muhuri, ina sahihi ya mwalimu. Nimeitundika juu ya mlango wa chumba, nimeitazama mpaka isha. Shuka limerudi kwa mwenyewe, na matundu sita. Amesema tutazungumza.

Nimejifunza mengi, inshallah sitarudia. Kosa lilikuwa kizibao. Kizibao huwatisha watu.

Kwa sababu, dada, Cynthia alishatangaza darasa la pili, Januari, na kichwa cha kazi kinajulikana tayari: Afya ya Jamii. Nami sitaki kungoja dakika ya mwisho. Nimeshaazima koti jeupe la bwana mmoja wa maabara, limenikaa kama nilishonewa. Meza ipo, kiti kipo, daftari jipya lipo. Jana nimetangaza msikitini: kila anayeumwa popote afike kwangu Jumamosi saa mbili asubuhi, bure. Sauti ilitoka vizuri sana.

Kimebaki kitu kimoja. Shemeji alikuwa na ile mizani ya kupimia watu uzito, aliyokuwa akiiweka pale stendi. Kama bado inafanya kazi naomba unifungie kwenye gunia umpe dereva huyu huyu anayekuletea daftari. Tafadhali nijibu upesi, maana Jumamosi si mbali na watu wameanza kuuliza kama waje bila kula.

Wasalaam, ndugu yako,
Alfani